Umehama Nyumba, Mwenye Nyumba Ni Yuleyule

Nimeadimika kidogo, najua. Kazi za watu, ndugu zangu. Lakini leo nimekaa kitako kwa sababu kuna jambo linanikera, na likishanikera mimi lazima na ninyi mlisikie.

Wiki iliyopita nilitumwa kuandika habari za semina moja ya kompyuta hapa mjini, zile semina za tai, chai ya saa nne na sambusa mbilimbili. Mtoa mada, kijana wa rika langu, akatupa picha mbili ukutani. Kushoto meinfremu, lile likompyuta likubwa kama kabati la nguo la bibi harusi, ambalo mabenki makubwa ya dunia yanalitumia kuhesabu fedha. Kulia seva za kawaida, zile bapa zinazopangwa kwenye raki kama trei za mayai, ambazo yeyote mwenye hela anaweza kuagiza. Chini ya kila picha akaweka bei ya chuma. Akamalizia kwa mbwembwe: meinfremu ni ghali, ni ya wazee, seva za kawaida ni rahisi, kwa hiyo tuhame tuokoe fedha. Ukumbi ukapiga makofi.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, "Na leseni za programu umeziweka wapi?"

Akatabasamu. "Hayo ni mambo ya watu wa manunuzi, kaka."

Mambo ya watu wa manunuzi! Jamani. Ni sawa na dalali kukuonyesha nyumba, akakutajia bei ya mlango, ukimuuliza kodi ya mwezi anakwambia hayo ni mambo ya baba mwenye nyumba.

Nina sababu ya kuuliza swali lile. Miaka kadhaa nyuma nilifanya kazi kwenye chumba kimoja cha habari ambacho sitakitaja. Tulikuwa na seva moja, kisha mabosi wakanunua nyingine kubwa zaidi kwa bei nzuri, mtumba ulio katika hali safi. Wote tulifurahi. Miezi michache baadaye ikaja barua kutoka kwa muuza programu, naye simtaji, akiomba "kupitia matumizi yetu ya leseni". Kaka yetu wa IT akahesabu, akarudi uso umempauka. Programu ilikuwa ileile, watumiaji walewale, habari zilezile za ajali na mikutano ya wabunge. Lakini seva mpya ilikuwa na viini vingi zaidi, yaani vile vijibongo vidogo ndani ya prosesa, na leseni ilikuwa inahesabu viini. Tulikuwa tunadaiwa fedha ambazo hatukuwa nazo. Mwezi uliofuata waandishi wetu watatu wa mikoani waliambiwa asanteni kwa kazi nzuri. Mmoja alikuwa na mtoto anayeanza kidato cha kwanza.

Kwa hiyo msiniambie leseni ni mambo ya watu wa manunuzi. Leseni ni mambo ya ada ya yule mtoto.

Basi ngoja tulichambue hili taratibu, maana wauzaji wanapenda sana tuamini ni sayansi ya roketi. Si roketi. Ni kodi ya nyumba.

Tuanze na historia. Kuna wakati programu zilikuwa haziuzwi kivyake. Ukikodi au kununua meinfremu ya IBM, programu na mafundi vilikuja humohumo kwenye bei. Januari 1969 serikali ya Marekani iliifungulia IBM kesi ya kuhodhi soko. Juni mwaka huohuo IBM ikatangaza kwamba itatenganisha bei: chuma kivyake, programu nyingine kivyake. Kesi yenyewe ilikuja kutupwa mwaka 1982 bila hukumu, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Tangu hapo programu ikawa bidhaa, na ikaja na swali ambalo halijawahi kupata jibu la haki: kitu ambacho kunakili nakala moja zaidi hakumgharimu muuzaji chochote cha maana, utakiuza kwa kipimo gani? Kilo? Mita?

Jibu la wauzaji ni hili: kwa kipimo chochote ambacho mteja hawezi kukikwepa.

Kwenye meinfremu kipimo kikuu kinaitwa MSU, kinachopima kazi ambayo prosesa inaweza kuifanya kwa saa. Tangu ulipokuja mfumo wa z/OS mwanzoni mwa miaka ya 2000, wateja wengi wa IBM wamelipa kila mwezi kwa utaratibu huu: mashine inachukua wastani wa matumizi wa kila saa nne mfululizo, wastani huo unasogea mwezi mzima, na mwisho wa mwezi wanatafuta kilele, yaani zile saa nne ulizotumia kuliko zote. Bili ya mwezi mzima inafuata kilele hicho.

Fikiria umepanga Tandale, na baba mwenye nyumba anawatoza maji. Mwezi mzima unachota ndoo mbili kwa siku. Siku moja una shughuli, mtoto anatahiriwa, wageni wamejaa, unachota ndoo 40 mchana mmoja. Mwisho wa mwezi mzee anakuja na daftari: "Mwanangu, siku ile ulichota kwa kasi ya ndoo 40. Bili ya mwezi huu tunaanzia hapo." Utacheka? Kuna mabenki duniani yana wahandisi wenye mishahara minono ambao sehemu kubwa ya kazi yao ni kusogeza kazi kutoka mchana kwenda usiku na kufunga breki kwenye mashine yao wenyewe, ili kile kilele kisipande. Umenunua gari la mbio, halafu umeajiri mtu wa kukaa amekanyaga breki. IBM yenyewe iliona kelele zimezidi, na mwaka 2019 ikaleta mpango mwingine wa bei usiotegemea kilele kile. Ni hatua nzuri, lakini wengi walikuwa wamelipa kwa daftari la zamani kwa karibu miaka 20.

Halafu kuna programu za makampuni mengine zinazokaa juu ya meinfremu. Nyingi zimeuzwa kwa uwezo wa mashine nzima. Ukinunua mashine kubwa zaidi, hata kama ile programu unaitumia vilevile kama jana, bili inapanda. Ndiyo maana meinfremu huuzwa pia zikiwa zimepunguzwa kasi makusudi. Chuma ni kilekile, uwezo umo ndani, ila umefungwa hadi ulipie. Na wapo wateja wanaofurahi kupunguziwa kasi, kwa sababu kasi ikipanda na leseni zinapanda.

Hadi hapa utasema, "Si ndiyo maana yule mtoa mada akasema tuhame?" Subiri, bado hatujavuka barabara.

Upande wa pili kuna seva za kawaida. Chuma chake kweli ni rahisi, sibishi. Sasa weka juu yake hifadhidata ya Oracle, toleo la wakubwa. Bei ya orodha ambayo imekaa miaka mingi ni dola 47,500 kwa prosesa. Lakini neno prosesa hapo lina maana ya kileseni. Unahesabu viini vyote, kisha unazidisha kwa namba waliyoipanga wao. Kwa seva za kawaida za Intel na AMD namba hiyo ni 0.5.

Chukua kalamu. Seva moja yenye prosesa mbili, kila moja ina viini 16. Jumla 32. Zidisha kwa 0.5, unapata leseni 16. Mara dola 47,500 ni dola 760,000. Hiyo ni seva moja. Kila mwaka unalipa asilimia 22 ya huduma, yaani dola 167,200. Baada ya miaka mitano ada ya huduma peke yake imefika dola 836,000, imeshaipita bei ya leseni yenyewe. Chuma chenyewe unaweza kukipata kwa chini ya sehemu ya kumi ya leseni zake. Ni kweli wateja wakubwa hujadiliana wakapunguziwa. Lakini mtu anayekupunguzia nusu ya bei aliyoipanga mwenyewe hajakupa zawadi, amekuonyesha tu kwamba bei ilikuwa ya kutishia.

Sasa sikia kitu kitakachomkera mtoa mada wetu. Kuna wakati lile kabati la bibi harusi ndilo rahisi! Tuseme una seva kumi za kawaida, kila moja ina viini 16, na nyingi zinashinda zimelala kama paka wa sokoni. Viini 160, mara 0.5, leseni 80, sawa na dola milioni 3.8. Meinfremu inaweza kuendesha Linux pia, kwenye viini maalumu, na namba ya Oracle huko ni 1.0, mara mbili ya huku. Lakini meinfremu imetengenezwa ifanye kazi karibu na uwezo wake wote bila kulalamika. Tuseme kazi zote zile zikatosha kwenye viini 20. Leseni 20 ni dola 950,000. Tofauti ni dola milioni 2.85. Hata kabati likiwa ghali, hapo limeanza kujilipa.

Sisemi mkanunue meinfremu. Mfano nimeutunga mwenyewe, ukibadilisha namba na jibu linabadilika. Ninachosema ni kwamba yule mtoa mada alilinganisha vitu ambavyo haviamui chochote. Anayeamua ni yule mwenye daftari la kuhesabia.

Na daftari hilo linabadilishwa muda wowote. Tazama.

Microsoft ilikuwa ikiuza hifadhidata yake ya SQL Server kwa kuhesabu prosesa. Prosesa zilipoanza kubeba viini vingi, toleo la mwaka 2012 likahamia kuhesabu viini. Windows Server ikafuata na toleo la 2016, na huko kuna kima cha chini: kila seva lazima ulipie viini 16, hata kama ina vinne. Una ndoo nne, unalipia 16. Mzee kasema.

Java, ambayo mamilioni ya programu za dunia hii zimeandikwa kwayo, ilikuwa ya kampuni ya Sun. Oracle ikainunua Sun mwaka 2010. Januari 2023 Oracle ikatangaza bei mpya ya Java yake: unahesabu wafanyakazi wote wa kampuni, siyo wanaoitumia. Wa muda, wa mkataba, wote. Kwa kampuni yenye watu chini ya 1,000, bei ya orodha ilikuwa dola 15 kwa kila kichwa kwa mwezi. Kampuni ya watu 500 ni dola 90,000 kwa mwaka, hata kama wanaoigusa ni vijana watano kwenye chumba cha nyuma. Dereva analipiwa Java. Mama anayefagia ofisi analipiwa Java. Mlinzi wa getini, ambaye kompyuta yake ni daftari la wageni, analipiwa Java.

Halafu VMware. Hii ndiyo programu iliyotuambia tusiwe na seva kumi zilizolala, tuzigawe seva chache ziwe mashine pepe nyingi. Wazo zuri sana, na ofisi nyingi duniani zikajenga kila kitu juu yake. Novemba 2023 Broadcom ikamaliza kuinunua. Mwezi uliofuata ikasimamisha kuuza leseni za kudumu, sasa ni kulipa kwa muda, ukiacha kulipa basi. Mwaka 2024 kampuni ya simu ya Marekani AT&T ilikwenda mahakamani, na katika nyaraka zake ilidai kuwa ilipendekezewa ongezeko la asilimia 1,050 kwa mwaka mmoja. Wale wana mashine pepe zipatazo 75,000 kwenye seva zipatazo 8,600. Kesi iliisha kwa maelewano kabla ya mwaka kwisha. Kama AT&T, yenye jeshi la mawakili, ililazimika kukimbilia mahakamani, ofisi ya watu 30 ya Kariakoo itakimbilia wapi?

Sasa niungeni mkono au nikataeni, lakini hili ndilo lililonifanya nikose usingizi. Nimesema Broadcom. Mnajua Broadcom ilinunua nini mwaka 2018? CA Technologies, mmoja wa wauzaji wakubwa wa programu za meinfremu, kwa dola bilioni 18.9. Na mnajua Linux inayouzwa sana maofisini, ile ya Red Hat, ni ya nani? Julai 2019 IBM iliinunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Ndiyo, IBM hiyohiyo ya meinfremu.

Umefungasha vyombo, umekodi mkokoteni, umevuka barabara ukikimbia baba mwenye nyumba mkali. Unabisha hodi nyumba mpya, mlango unafunguliwa, na aliyevaa msuli na kanzu fupi ni mzee yuleyule. "Karibu mwanangu. Ndoo zako ngapi?"

Ndiyo maana nasema mjadala wa meinfremu dhidi ya seva za kawaida, jinsi tunavyouendesha, ni mchezo wa kuigiza. Bei ya leseni haifuati ukubwa wa mashine. Inafuata ugumu wa kuondoka. Muuzaji anajiuliza swali moja tu: huyu akinikimbia, itamgharimu kiasi gani? Kisha anatoza chini kidogo ya hapo.

Mnataka ushahidi? Ninao wa pande zote mbili.

Upande wa kwanza, mlango uliofungwa. IBM inauza kwenye meinfremu viini maalumu ambavyo kazi zake hazihesabiwi kwenye bili ya leseni. Ni chipu zilezile, tofauti ni kwamba vimewekewa mipaka ya kazi zinazoruhusiwa. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo Neon ikaleta programu ya zPrime, iliyohamishia kazi nyingi zaidi kwenye viini hivyo. Kitaalamu iliwezekana. Wakapelekana mahakamani, na mwaka 2011 ikaisha kwa Neon kuiondoa zPrime sokoni. Pia kuna Hercules, programu huria iliyoanzishwa mwaka 1999 na Roger Bowler, inayoifanya kompyuta ya kawaida, hata laptopu yako hiyo, ijifanye meinfremu. z/OS inaweza kuwaka humo. Leseni ya IBM ndiyo inayokataa. Na Machi 2025 mahakama kuu ya London ilitoa hukumu dhidi ya LzLabs, kampuni iliyotengeneza njia ya kuhamisha programu za meinfremu kwenda seva za kawaida bila kuziandika upya. Mahakama iliona kuwa masharti ya leseni ya IBM yalivunjwa katika kuitengeneza. Sheria ni sheria, na mimi si wakili wa mtu. Lakini mnaona mchoro? Chuma hakikuwa kizuizi hata mara moja. Karatasi ndiyo ilikuwa kizuizi.

Upande wa pili, mlango ulio wazi. Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kuwa CentOS 8, Linux ya bure ambayo maelfu ya ofisi ziliitegemea, itakufa mwisho wa 2021, wakati watu walitegemea ingehudumiwa hadi 2029. Watu walikasirika sana. Lakini kilitokea nini? Machi 2021 AlmaLinux ikatoka. Juni 2021 Rocky Linux ikatoka. Karibu kila kitu kilekile, kwa sababu msimbo ulikuwa huria na hakuna aliyeweza kuufungia kabatini. Waliotaka walihama bila kuandika upya programu zao. Hasira zilikuwepo, kero zilikuwepo, lakini hakuna aliyeletewa bili ya asilimia 1,050. Baba mwenye nyumba alifunga mlango mmoja, wapangaji wakapitia mwingine.

Najua kuna msomaji anajiandaa kunirushia kiatu. "Wewe mwandishi wa habari, programu huria nazo zina gharama! Nani atazihudumia?" Umesema kweli kabisa. PostgreSQL, hifadhidata huria yenye mizizi yake Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, haikutozi leseni hata senti, lakini utamlipa mtu anayeijua. Nauliza tu: yule mtu anakaa wapi? Ukimlipa binti aliyemaliza Mlimani aikalie hifadhidata yako, hela inalipa kodi ya chumba Sinza, inanunua samaki Feri, inasomesha mdogo wake. Ukilipa dola 167,200 za huduma kwa mwaka, hela inapanda ndege na haikuagi. Gharama ni gharama, lakini moja inakuachia mtu mwenye ujuzi na nyingine inakuachia risiti.

"Lakini kuhama ni kazi ngumu." Hilo nalo kweli. Amazon, wenye wahandisi kama mchanga wa Coco Beach, walitumia miaka kuhama kutoka hifadhidata za Oracle. Walipomaliza mwaka 2019 walisema wamehamisha hifadhidata karibu 7,500 zenye petabaiti 75 za data, na gharama zao za hifadhidata zimeshuka kwa zaidi ya asilimia 60. CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, waliamua kutafuta njia mbadala baada ya Microsoft kuwaondolea hadhi ya taasisi ya elimu na gharama zao za leseni kutarajiwa kupanda zaidi ya mara kumi. Kama wakubwa hawa waliumia hivyo kutoka, fundisho kwetu ambao bado tunajenga ni moja: usiingie kwenye nyumba ambayo hujaona mlango wa nyuma.

Na sisi tuna historia yetu. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta kwenda mrama, tukapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Tulipoumwa na nyoka tukakata miti yote. Sitaki turudi huko. Lakini tuna mfano mwingine: mwaka 2004 vijana na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizindua Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa sababu msimbo ulikuwa huria na hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Kati ya kukataa mashine na kusaini kila karatasi inayoletwa, kuna njia ya tatu, na tumewahi kuipita.

Kwa hiyo ukikaa tena kwenye semina yenye picha mbili ukutani, iwe ya benki, ya wizara, ya chama cha akiba na mikopo cha mama yako, uliza maswali matatu tu. Wanahesabu nini? Nani ana ruhusa ya kubadilisha hesabu hiyo, na lini? Na siku nikitaka kuondoka, nitatoka na nini mkononi? Kama mtoa mada hana majibu, bei aliyoiandika chini ya picha ni pambo. Na ninyi waandishi wenzangu, tuache kuandika "serikali yaokoa mamilioni kwa kununua seva mpya" kabla ya kuona ukurasa wa leseni. Tunapiga makofi ya sambusa.

Maana hizi fedha hazitoki hewani. Benki ikibanwa na leseni, wewe unakatwa makato ya kila mwezi bila maelezo. Wizara ikibanwa, dawa zinapungua kwenye rafu. Chumba cha habari kikibanwa, mwandishi wa Songea anaacha kuandika, na mambo ya Songea yanatokea bila mtu wa kuyasimulia.

Yule mwenzetu mwenye mtoto wa kidato cha kwanza nilimpigia simu juzi. Siku hizi ana duka la vifaa vya shule, anasema maisha yanakwenda. Nikamweleza kuhusu semina na swali langu. Akacheka sana. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikuwa na jibu lake: "Ile seva mliyonunua kwa bei nzuri, bado ipo?"

Alamsiki.